Mikono Iliyotulia

Kikuku kilianza kupata joto Tupokigwe alipokuwa amepiga magoti akifuta sakafu ya chumba cha uzazi. Hakuinuka mara moja. Kwa mwaka mzima kikuku hicho cha rangi ya majivu kilikuwa kimeubana mkono wake wa kulia, baridi kama kijiko, na siku alipovishwa aliambiwa kwamba kingepata joto mara moja tu, yaani siku ambayo Mizani, mtambo uliowapima waombaji wa kuhamia Ncha, ingetoa hukumu yake. Alikamua tambara, akakausha mikono kwa aproni, ndipo akakielekeza kikuku kwenye mwanga wa dirisha.

Alama sabini na nne. Kiwango cha kuvuka kilikuwa sabini.

Wakunga wenzake waliposikia walimvamia pale pale alipokuwa. Ndoo ikapinduka, maji yakaenea chini ya vitanda, na hakuna aliyejali. Aliyemkumbatia kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Subilaga, mkubwa wao, ambaye kikuku chake mwenyewe kilikuwa kimepata joto juzi yake na kumwarifu kwamba hakufaulu. "Basi Ikupa atamjua baba yake," Subilaga alisema, kisha akaenda kutafuta tambara lingine.

Hilo ndilo lililokuwa tamanio zima la Tupokigwe. Jamhuri ya Ncha, iliyoanzishwa kwenye pwani za bara la kusini baada ya barafu kurudi nyuma, ilipokea watu kutoka popote duniani, lakini ilimpima kila mtu kwa uzito wake peke yake. Ndoa haikuwa na alama. Mume hakumvusha mke, wala mke hakumvusha mume. Mtoto mdogo tu ndiye aliyeruhusiwa kusafiri na mzazi aliyefaulu. Anyosisye, mumewe, mchimbaji wa visima vya mvuke, alikuwa amevuka wakati Ikupa angali ananyonya. Sasa mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano, na baba kwake alikuwa sauti iliyotoka ukutani kila Jumapili ikiuliza kama amekula.

Furaha ilipotulia, Tupokigwe aliketi kwenye benchi la kungojea na kuusoma mchanganuo wote. Umri wake ulikuwa na alama zake, na elimu, na lugha, na miaka ya kazi. Chini yake palikuwa na jina la kituo alichopangiwa: Ghuba ya Magharibi, mkunga mmoja. Moyo ulimruka, kwa maana Ghuba ya Magharibi ndiko Anyosisye alikokuwa akichimba. Kisha akaisoma sababu ya kupangiwa huko peke yake, mahali ambapo hospitali haifikiki majira yote ya baridi. Mizani ilikuwa imemthibitisha kuwa mkunga wa daraja la kwanza katika uzazi mgumu. Watoto waliotanguliza matako walikuwa wamegeuka tumboni chini ya ulinzi wake na kuzaliwa salama, kila mmoja wao. Ustadi uliotajwa ulikuwa utulivu wa mikono.

Aliyarudia maneno hayo mara ya pili, taratibu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye barua ya mtu mwingine. Yeye hakuwahi kumgeuza mtoto hata mmoja.

*

Katika kituo chao, kilichojengwa juu ya mashamba ya chai ya Rungwe, mwanamke hakuzalishwa na mkunga mmoja. Mmoja aliketi mbele ili ampokee mtoto. Wa pili aliketi nyuma juu ya kigoda kipana, mama akamwegemea kifuani, naye akamzungushia mama mikono mitupu tumboni. Uzazi ulipokuwa mwepesi, yeyote aliweza kuketi popote. Ulipokuwa mgumu, aliyeketi nyuma alikuwa Subilaga. Kabla ya chupa kupasuka, aliutafuta mgongo wa mtoto kwa mikono yake yote tangu kiwiko hadi vidole, akangoja uchungu upite, akasukuma kidogo, akangoja tena, hadi kichwa kikashuka mahali pake. Aliyeketi mbele hakuwa na la kufanya wakati huo isipokuwa kuweka viganja vyake chini ya tumbo la mama na kutulia.

Na aliyeketi nyuma alivua kila kitu cha madini mwilini mwake. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa kuhusu jambo hilo. Lilikuwa ni adabu tu. Kumgusisha mwanamke mwenye uchungu pete ya baridi au saa yenye ncha ni ukosefu wa heshima ambao hakuna mkunga wa pale aliyeweza kuufikiria. Kwa hiyo, kila palipokuwa na kazi ngumu, Subilaga alivua pete yake ya ndoa pamoja na kikuku cha Ncha, akaviweka ndani ya kisahani dirishani, akaenda kufanya kazi ambayo ndiyo hasa aliyotaka kupimiwa. Hakuna aliyelitafakari hilo, si yeye, si wenzake, si vijana wa Ncha waliokuja kuwavisha vikuku wakanywa chai na kuondoka. Kila kikuku kilipolala kisahanini, Mizani iliandika kwamba mwenye nacho alikuwa amekaa bure.

Tupokigwe alimkuta Subilaga nyuma ya jiko akimenya ndizi mbichi za chakula cha wazazi. Alivuta kigoda, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Kisha akamsomea mchanganuo.

Subilaga alisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba yeye ameandikiwa alama hamsini na nane, na kwamba amepunguziwa kwa sababu ya uvivu. "Mama mkwe wangu aliniambia hivyo hivyo miaka ishirini iliyopita," alisema, "wala hakuhitaji mitambo."

Walicheka wote wawili. Tupokigwe aliacha kucheka kwanza.

"Dada, alama hizi ni zako."

"Zimeandikwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi funga mizigo. Mimi nilitaka tu kuiona bahari ikiganda kabla sijafa. Wewe una mume kule. Hayo ni mambo mawili yasiyolingana, na mimi si mtu wa kugombania theluji na mtoto mdogo."

Subilaga alisema hivyo akiwa hamtazami, na kisu chake kilikuwa kinaondoa nyama ya ndizi pamoja na ganda. Tupokigwe alimweleza kwamba jambo lenyewe halikuwa alama peke yake. Kule Ghuba hapatakuwa na mtu wa kuketi nyuma. Cheti kitasema kwamba yeye aweza, wanawake wataamini cheti, na majira ya baridi yatafunga njia.

"Wa kwanza atakayekuja na mtoto aliyetanguliza matako," aliuliza, "nitamwambia nini?"

"Utamwambia asubiri kiangazi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Subilaga aliweka kisu chini, akafuta utomvu wa ndizi mikononi kwa majivu, jambo ambalo lilimchukua muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Nisikilize, mdogo wangu. Ukienda, nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege na sitasema neno kwa mtu yeyote, leo wala kesho. Ukikataa, vilevile sitasema neno. Lakini usiniombe mimi nikukataze, kwa sababu mtoto wako akija kuniuliza kwa nini hana baba, sitakuwa na jibu."

*

Ofisi ya Ncha mjini Mbeya ilikuwa na chumba kimoja chenye viti viwili na dirisha lililoutazama mlima. Afisa aliyekuwa zamu, Bi Ondina Kareli, alikuwa mzaliwa wa Ncha, miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa kuzaliwa huko. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani, akakizungumza kwa uangalifu, kila neno likisimama peke yake. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kumpa Tupokigwe mkono, kumwomba abonyeze kidole kwenye kioo cha uthibitisho, na kumtakia safari njema.

Tupokigwe hakubonyeza. Alieleza kuhusu kigoda, kisahani na mikono mitupu, akaeleza yote kwa mpangilio kama alivyofundishwa kutoa taarifa ya mgonjwa. Bi Kareli alimtazama kwa mshangao usiofichika. Alikiri kwamba katika miaka yake yote ya kazi, watu walikuja kwake kulalamika kuwa wamepunjwa. Huyu alikuwa wa kwanza kulalamika kuwa amezidishiwa.

Aliifungua kumbukumbu ghafi ya mojawapo ya siku hizo na kuigeuza ili Tupokigwe aione. Kikuku, alieleza, hakikuona kwa macho. Kilisikia mishipa ya mkono wa mvaaji, kila kukaza na kulegea, na kupitia mkono huo kilisikia mapigo na misukosuko ya mwili ulioguswa. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa mikono ya Tupokigwe, nao ulikuwa umenyooka kama maji ya mtungi. Mwingine ulikuwa mwili wa mtoto, nao ulipanda, ukasita, ukazunguka, ukatulia. Mizani ilifundishwa kwamba kila badiliko lina mkono uliolileta. Ilitafuta mkono mwingine chumbani, haikuupata, ikaiendea mikono pekee iliyokuwapo na kuivumbulia ustadi ambao mwanadamu hajapata kuwa nao: kumgeuza mtoto kwa kutulia.

Bi Kareli aliufuata kwa kidole ule mstari wa mtoto hadi ulipotulia.

"Nitakuambia lililo kweli," alisema. "Ukithibitisha, hakuna atakayeuliza. Mimi pia sitauliza. Kituo cha Ghuba kimekaa bila mkunga kwa majira mawili ya baridi, na tumezika wanawake wawili. Labda mkunga wa nusu ni bora kuliko kutokuwa na mkunga. Ukikana, utashuka chini ya sabini, na mimi sina mamlaka ya kukupandisha."

Tupokigwe alikirudisha kidole chake mapajani. Alikuwa amejiandaa kuzuiwa na sheria au kukemewa. Hakuwa amejiandaa kuombwa. Alimwona Ikupa akishuka kwenye ndege akiwa amevaa koti lililomzidi. Alimwona pia mwanamke asiyemjua, aliyelala akimtazama usoni, akisubiri jambo ambalo cheti kiliahidi. Hao wawili hawakukubali kukaa pamoja ndani ya kichwa chake. Kila alipomtazama mmoja, mwingine alisogea karibu.

"Bibi Afisa," alisema mwishoni, "mwanamke anayejua kwamba hapana msaada huondoka mapema, njia zingali wazi, akajifungulie hospitali. Anayedanganywa kuwa upo hubaki. Hao ndio nitakaowazika mimi."

Kisha akabonyeza upande wa kukana. Kikuku kilipoa mkononi mwake hapo hapo, na tarakimu zikashuka hadi sitini na tatu.

Alisimama ili aondoke. Bi Kareli hakumpa mkono. Alimwuliza kituo chao kiko umbali gani kutoka barabara kuu, na kama huyo Subilaga hufanya kazi siku za Alhamisi.

*

Alhamisi hiyo aliyeletwa kituoni alikuwa Atuganile, mwendeshaji wa ndege ndogo za kunyunyizia chai, mwanamke mwenye sauti kubwa na mtoto aliyekaa kitako tumboni. Aliombwa ruhusa ili afisa mgeni ashuhudie. Alijibu kwamba hata mkuu wa mkoa aje, mradi asizibe dirisha.

Ugomvi ulizuka kuhusu kikuku. Bi Kareli alihitaji Subilaga akivae, kwa kuwa bila kukivaa kazi yake isingepimika. Subilaga alikataa. Hakupaza sauti wala hakutoa sababu ndefu. Alikiweka tu kisahanini kama alivyozoea na kuketi nyuma ya mama. Bi Kareli alisisitiza, kwa heshima, kwamba amesafiri tangu alfajiri kwa ajili hiyo. Subilaga alisema kwamba chai iko jikoni.

Atuganile aliwasikiliza hadi uchungu mmoja ukampitia.

"Nivisheni mimi," alisema, akihema. "Kazi yenyewe si iko kwangu? Mnagombana kama watu wa harusi."

Wakamvisha yeye, maana mwenye mwili ndiye aliyeamua. Subilaga akamzungushia mikono. Tupokigwe akaketi mbele, akaweka viganja chini. Bi Kareli alisimama pembeni mwa dirisha na mwanzoni alikitazama kioo chake cha mkononi, baadaye alikisahau. Aliona mkono wa kushoto wa Subilaga ukisita juu ya ubavu wa mama kana kwamba unasikiliza. Aliona kiwiko kikisogea kiasi cha upana wa kidole, kikangoja, kikasogea tena. Aliona tumbo lote likibadilika umbo, polepole, kama mtu anayegeukia upande wa pili usingizini. Atuganile alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mtoto alizaliwa saa saba mchana, kichwa kikitangulia, wa kike, mwenye hasira.

Walipokuwa wakimfuta, kikuku kilichokuwa mkononi mwa Atuganile kilipata joto. Bi Kareli alikisoma, akakisoma tena, kisha akawasomea. Mizani ilikuwa imeusikia mkono mgeni na kumfungulia Atuganile jalada jipya. Ilimthibitisha kuwa mkunga wa daraja la kwanza, na Jamhuri ya Ncha ilimkaribisha ahamie.

Kicheko kilichofuata kilimwamsha mzazi wa chumba cha pili. Atuganile alitaka kujua kama kuna mshahara. Subilaga, akiwa bado ameegemewa, alisema kwamba sasa amepitwa hata na mgonjwa. Bi Kareli naye alicheka, akakizima kioo na kukitia mfukoni. Akaomba karatasi.

Sheria ya Ncha, aliwaeleza baadaye jikoni, ilimpa afisa haki ya kuandika alichokiona kwa macho yake pale ambapo Mizani imethibitika kukosea. Haki hiyo ilikuwapo tangu mwanzo. Hakumjua afisa yeyote aliyewahi kuitumia, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuamini tarakimu. Aliandika kurasa tatu. Subilaga alipewa kiwango cha kuvuka na zaidi. Kituo cha Ghuba kiliombewa nafasi mbili badala ya moja, kwa sababu kazi hiyo, aliandika, hufanywa na watu wawili.

Kuhusu Tupokigwe aliandika ukweli, nao haukutosha: sitini na tatu. Lakini jalada lake hakulifunga. Ndege ya kwenda Ncha ingeondoka Novemba, barafu itakapoachia kiwanja. Ikiwa kabla ya siku hiyo angeketi nyuma mwenyewe na kumgeuza mtoto, afisa angepanda tena mlima kuja kushuhudia. Akishindwa, nafasi ya pili ingemngoja mwaka mmoja, si zaidi.

"Miezi mitano inatosha?" Bi Kareli alimwuliza Subilaga.

Subilaga aliishika mikono ya Tupokigwe, akaigeuza juu na chini kama mtu anayenunua samaki.

"Ina woga," alisema. "Hilo huondoka. Tutaanza kesho, na ndizi ataacha kumenya, maana utomvu wake unakausha ngozi."

*

Jumapili Anyosisye alipopiga, Tupokigwe alimweleza yote kabla hajauliza kama mtoto amekula. Alieleza kuhusu sabini na nne na sitini na tatu, na kuhusu upande aliobonyeza. Nyuma ya sauti ya ukutani ilisikika mitambo ya visima ikivuma, kisha mlango ukafungwa na mvumo ukakatika.

"Nilishawaambia wenzangu kwamba unakuja," alisema.

"Najua."

"Walipika mbuzi wa kuoteshwa maabara kusherehekea. Mgumu kama kiatu."

Tupokigwe alingoja alaumiwe, na alikuwa amekata shauri kwamba hatajitetea.

"Mke wa Ruvane, tunayefanya naye kazi, alikuwa mmoja wa wale wawili waliozikwa," Anyosisye alisema. "Sikukuandikia. Niliogopa usingetaka kuja." Sauti yake ilishuka. "Novemba si mbali, Mama Ikupa. Na ikiwa si Novemba hii, nitakuwa hapa hapa. Visima haviendi popote. Mwite mtoto."

"Yuko hapa. Anakusikia."

"Ikupa, nakutengenezea kitanda. Mbao ninazo, ila sijui umefika wapi kwa urefu. Lala chini mama yako akupime."

Ikupa alilala chali juu ya mkeka, akajinyoosha, akainua kidevu ili aongezeke. Tupokigwe alipiga magoti kando yake na kuanza kwenye visigino, shubiri moja baada ya nyingine, akipita magoti, tumbo, kifua kilichokuwa kikizuia pumzi kwa juhudi. Mtoto alianza kucheka alipofika mbavuni, ikabidi waanze upya.

"Shubiri tano na vidole vitatu," Tupokigwe alisema.

"Za mkono wako?"

"Za mkono wangu."

"Naukumbuka," Anyosisye alisema. "Nitakata saba, ili hata akichelewa kimtoshe."